Matanga ya Eliza Kwenye Opera

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba figo zako zimechoka kazi, na sasa unaogopa hata kumwambia mwanao, haya nayaandika kwa ajili yako. Sina elimu mimi. Niliishia darasa la nne kule Muheza, nikafundishwa kusoma, kuandika na kuogopa fimbo, basi. Mambo ya figo zinafanyaje kazi mwulize daktari, ndiyo kazi yake. Mimi nitakueleza kuchoka. Kuchoka nakujua.

Kuna uchovu wa kazi, na huo naujua pia. Nimesafisha maofisi ya watu alfajiri hapa London miaka nenda rudi, na mchana nikawaogesha wazee wa Kizungu majumbani kwao. Uchovu ule ukiulalia unaisha. Huu wa figo unalala nao, na asubuhi ukifumbua macho unaukuta umeshaamka kabla yako, umekaa pale kitandani unakungoja. Unataka kuvaa soksi, unavaa moja, unapumzika. Ya pili unaitazama tu.

Halafu mwili unakuwa wa mtu mwingine. Mimi nilivimba miguu hadi viatu vya kanisani vikanikataa. Ngozi ikawasha kwa ndani, mahali kucha haifiki. Mdomoni ladha ya chuma, hata chai ya tangawizi ni chuma. Nilikuwa mwanamke wa kifua kipana, kwaya ikianza kuimba watu wanageuka kuniangalia, na sasa kupanda ngazi za nyumba yangu hapa Woolwich naimba wimbo mwingine kabisa, wa kuhema.

Mabaya makubwa yamepita, nikwambie mapema usije ukakata tamaa katikati. Sijapona. Nimezoea, na kuzoea nako kuna raha yake ndogo.

Basi nikawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kwanza walinitengeneza mshipa mkono wa kushoto, ukiweka kidole pale unausikia unavuma kama paka aliyeshiba. Gari la hospitali linatuzoa asubuhi, wazee watupu, kila mtu na blanketi lake kwenye mfuko, maana damu ikitoka nje ya mwili unasikia baridi ambayo haina jina. Chumba cha kungojea kina televisheni isiyo na sauti. Hakuna anayeongea. Mwanzoni nilidhani Wazungu hawanipendi, kumbe kila mtu anatunza pumzi yake.

Nesi wetu ni binti Mkisii, Kerubo. Yeye ndiye rehema yangu ya kwanza. Ukipanda mizani anakutazama hivi, mkono kiunoni.

"Mama, umekunywa maji."

"Kidogo tu, mwanangu."

"Kidogo ya nani? Ya ng'ombe? Mizani imenieleza yote, wewe nyamaza tu."

Maana maji tunapimiwa. Hilo ndilo linalouma kuliko sindano. Mtu wa Tanga, nimekulia kwenye joto na madafu, leo nanyonya vipande vya barafu kama mtoto anayeota meno. Na ndizi zimekatazwa. Na parachichi, na viazi mpaka vichemshwe mara mbili, maji ya kwanza umwage. Siku moja sokoni hapa Woolwich nilisimama mbele ya ndizi za kupika, mkungu mzima, nikazishika tu kama mtu anayempa pole jirani. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unanunua au unasalimia?" Nikamwambia nasalimia.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, Neema. Neema ni binti yangu, ndiye ninayeishi naye. Amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini anajibu kwa Kiingereza, na haya maneno yake ninayoandika nimeyageuza mwenyewe. Nilipougua, yeye akawa mama na mimi nikawa mtoto. Alificha chumvi. Alifunua masufuria. Akirudi kazini anahesabu glasi za kwenye sinki, kisha ananiangalia. Tukaanza kununiana, watu wawili kwenye nyumba ambayo ukikohoa jikoni mwenzako chumbani anasema pole. Ukiwa na mwana wa namna hiyo, mvumilie. Anakupenda vibaya kwa sababu anaogopa.

Sasa Eliza.

Eliza ni mdogo wangu wa mwisho. Nilimbeba mgongoni mpaka mgongo wangu ukajua kulala kwake na kuamka kwake. Alikuwa mbishi. Aliwahi kukataa kwenda shule mpaka mbuzi wake aandikishwe naye, na mwalimu mkuu akaliandika jina la mbuzi ili yaishe. Ndiye aliyebaki nyumbani Muheza kuwatunza wazazi wetu, sisi wengine tulipotawanyika. Wakati wa baridi, miti ya mtaani kwetu imebaki fito, nilikuwa kwenye mashine, sindano mbili mkononi, simu ikaita. Ni mpwa wangu. Akasema, "Mama mkubwa, uko peke yako?" Nikajua. Mtu haulizwi hivyo kwa jambo jema.

Huwezi kuinuka kwenye mashine. Damu yako iko nje inazunguka. Nikalia nimekaa kwenye kiti cha plastiki kinacholala nyuma, na mkono mmoja siruhusiwi kuusogeza. Kerubo akavuta pazia, akanifuta uso kwa kona ya blanketi langu. Kusafiri haikuwezekana, mashine haipandi ndege nami. Walimzika bila mimi.

Na hapa ndipo penye kidonda chenyewe, nisikilize. Kwetu sisi Wabondei, na nadhani na kwenu, aliyefiwa anakaa chini. Kitandani hukai, kitini hukai. Unakaa kwenye mkeka, unanyoosha miguu, kanga kichwani, na wanawake wanakuja kukaa nawe, mabega yanagusana, mpaka siku ya kuanua matanga. Hakuna mwanamke anayesimama juu ya mfiwa. Ukisimama unakuwa kama umekuja kumdai.

Watu wa kanisa walikuja kwangu, Mungu awabariki. Nikaanza kushuka chini. Neema akanishika kwapa.

"Mama, hapana. Ukikaa hapo nani atakuinua? Kaa kwenye sofa."

"Nimefiwa, Neema."

"Najua. Kaa kwenye sofa umefiwa."

Na kweli, nguvu za kuinuka sikuwa nazo. Nikakaa kwenye sofa kama mgeni aliyekuja kuangalia mpira. Wanawake wakaja, wakaniona niko juu, nao wakakaa kwenye viti, wakashika vikombe vya chai, wakasema pole, pole sana. Jumamosi waliokuja walinikuta nimekwenda hospitali. Matanga yakaisha hivyo, sijui hata yalianza lini. Tangu siku hiyo nikawa na kitu kifuani kama tonge lililokwama. Kulia silii, kucheka sicheki. Neema akidhani ni ugonjwa, na ugonjwa nao ulikuwepo, tusiusingizie wala tusiutetee.

Baridi ilipoanza kulegea, alikuja kanisani kwetu dada mmoja wa Kizungu anaitwa Hana, nywele fupi, viatu vya mvulana. Alikuwa anaongoza opera mpya hapa Woolwich na akitaka wanawake wa kwaya za mtaa waingie kama watu wa kijiji. Nikamwuliza Neema, opera ni nini? Akasema ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawasemi kitu, wanaimba tu, hata wakiomba chumvi. Nikasema, basi afadhali mimi nimekatazwa.

Hadithi yake ilikuwa hii: binti anafariki siku moja kabla ya harusi yake, na wanawake wa kijiji wanampokea. Hapo ndipo penye sisi. Maneno yenyewe ya Kiingereza, machache, yanarudiwa rudiwa, kazi ni sauti.

Mama Furaha ndiye aliyenivuta. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, anakaa Edmonton, anavuka mji mzima kuja kuimba kwetu kwa sababu anasema kwaya ya karibu naye ina wanaume wanaopiga kelele. Mimi ananiita yaya, kwao ni dada mkubwa. Aliniambia, "Yaya, njoo. Hata sauti ikiwa ndogo, njoo. Nyumbani utaoza."

Neema alikataa kabisa. Tuligombana jikoni, yeye kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili, sufuria katikati.

"Jumamosi jioni, mama! Siku ya mashine! Ukirudi kutoka hospitali huwezi hata kuvua koti."

"Nitapumzika mchana."

"Ukianguka mbele ya watu?"

"Nikianguka watapiga makofi, watadhani ni mchezo."

Hakucheka. Akasema, "Mimi ndiye nitakayekuokota," akaenda chumbani kwake. Nilisimama pale nikatamani kumfuata, lakini kulikuwa na ngazi.

Nikaenda mazoezini. Yalikuwa Jumapili baada ya ibada, siku zangu nzuri, mwili umepumzika kutoka kwenye mashine. Nilijifunza mambo, nikupe na wewe, yatakufaa hata kama opera huitaki. Usiimbe kila mstari. Chagua yako, mingine fumbua mdomo tu, jirani atakubeba. Kabla hujachoka, kaa. Ukingoja mpaka uchoke umechelewa. Barafu moja mdomoni inashinda kikombe cha maji. Mwambie mtu mmoja ukweli wote, si watu wote, watakuonea huruma mpaka ushindwe kupumua. Mimi nilimwambia Mama Furaha, na fundi wa mavazi, ambaye alifumua mkono wa kushoto wa gauni langu akaupanua usibane mshipa. Aliugusa akausikia unavuma, akatoa mkono haraka, kisha akaurudisha tena polepole. Akatabasamu.

Hana alitaka kitu kimoja tu kwetu. "Binti akiletwa, simameni kama miti," alisema. "Msitikisike. Huzuni yenu iwe kwenye sauti." Mama Furaha akaniinamia sikioni, "Hawa bazungu banasimama ku kilio sawa vile banangojea basi." Nilibana kicheko, na kubana kicheko nako kunachosha, ujue.

Ikafika Jumamosi yenyewe. Nje miti ilikuwa imeanza majani. Asubuhi mashine. Kerubo alinitoa maji taratibu siku hiyo kwa sababu nilimwomba, akasema, "Nenda ukaimbe, lakini ukisikia kizunguzungu shuka chini kabla chini haijakupandia. Umenielewa, mama?" Neema akanichukua. Bado alikuwa amenuna, lakini alikuwa ameniletea mto wa nyumbani.

Nililala kwenye chumba cha kuvalia, chini ya makoti ya wenzangu, harufu za manukato ya kanisa zima juu yangu. Wakaniamsha nivae. Mikono mizito, kama nimeiazima. Nyuma ya mapazia nikakaa juu ya kreti mpaka zamu yetu. Muziki ulikuwa unanipita miguuni kutoka chini ya mbao. Nikajisemea, Agnesi, ni wimbo mmoja tu. Usimame, uimbe, utoke. Neema yuko nje kule, asipate sababu ya kukuokota.

Tukaingia. Taa zile ni kali, na zina joto. Watu huwaoni, unaona giza linalopumua. Wakamleta binti kwenye jeneza la wazi, shuka jeupe hadi kidevuni, na mwimbaji aliyekuwa mama yake akaanza. Mazoezini aliimba kwa kipimo. Siku hiyo, sijui watu walimpa nini, akavuta. Akavuta kila neno kama mtu anayechota kisimani kwa kamba ndefu. Na sisi tumesimama kama miti.

Nikausikia uchovu unaanza kwenye magoti. Halafu masikio yakajaa pamba. Nikaimba mstari wangu, sauti ikatoka, nyingine ikakataa. Mama Furaha akanisogezea bega nikaegemea. Nikakumbuka maneno ya Kerubo. Ningeweza kutoka, pazia halikuwa mbali. Nikatazama lile shuka jeupe, nikaona kwamba mimi sikuwahi kuona hata shuka la mdogo wangu.

Nikashuka. Sikuanguka, nataka uelewe hilo. Nilishuka kama wanavyoshuka mama zetu: mkono wa kulia kwanza, goti, kisha makalio, nikanyoosha miguu mbele yangu na kuvuta kitambaa kichwani. Mbao zilikuwa ngumu na zina vumbi. Nikasikia raha mbaya sana.

Mwimbaji hakuacha kuimba. Yule bwana wa fimbo aliyekuwa anaongoza muziki aliinua uso, fimbo haikusimama. Nami nikajua nimeharibu.

Ndipo Mama Furaha akashuka. Hakufikiri, hakuna mwanamke wa kwetu anayefikiri pale. Aliona mtu amekaa chini kwa msiba, akakaa, bega kwa bega. "Ikala, yaya," akasema kwa chini, yaani kaa. "Tuko bote." Nyuma yake Mama Kimani, Mkikuyu wa Barking, akashuka na magoti yake mabovu huku anaguna. Kisha wengine, mmoja mmoja, hata wale wa Nigeria na wa Jamaika, kila mmoja kwa namna ya kwao. Mti mmoja tu ulibaki umesimama, dada mmoja Mzungu wa kwaya ya pili, akatazama huku na huku, naye akakaa.

Tukaimba kutoka chini. Na mimi pale nikalia. Si kilio cha mchezo, si cha machozi mazuri. Lililia tumbo. Nilimlilia Eliza na mbuzi wake na mgongo wangu uliombeba, kwa Kibondei, katikati ya Kiingereza cha watu, na wenzangu wakainua sauti wakanifunika, kama mnavyomfunika mfiwa kanga asitazamwe. Wimbo ukaisha. Taa zikapungua. Walinishika makwapani wawili wakaniinua, na wala sikuwa mzito. Mfiwa akiinuliwa na wengi si mzito.

Nyuma ya mapazia Neema alikuwa ameshafika, sijui alipitia mlango gani. Uso umelowa. Nikajua sasa nitapigiwa kelele.

"Nilisimama," akasema. "Nilipokuona unashuka nilisimama nije. Halafu ukanyoosha miguu."

"Nilichoka, mwanangu."

"Najua. Lakini ulinyoosha miguu. Kama bibi kwenye ile video ya mazishi ya babu." Akanishika ule mkono wa kuvuma kwa uangalifu, kama wanavyofanya hospitali, na kwa Kiswahili, kwa ile lafudhi yake iliyopinda, akasema, "Pole kwa msiba, mama." Miezi mizima tangu Eliza afe alikuwa hajaniambia. Alikuwa anahesabu glasi.

Nikamwambia, nimeshapoa.

Na Hana naye akaja anakimbia na viatu vyake vya mvulana, macho yamewaka. Nilianza kuomba radhi. Akanikatiza. Alisema hajawahi kuona kitu kama kile, watu wamelia, bwana wa fimbo amelia, ni kizuri kuliko alichokipanga yeye. Kesho Jumapili kulikuwa na onyesho la pili na la mwisho. "Tafadhali," akasema, "kesho ufanye tena. Vile vile. Ukae pale pale."

Nilimtazama. Mtoto mzuri, hana ubaya.

"Kesho haiwezekani," nikasema.

"Umechoka? Tutakusaidia kushuka. Tutaweka godoro."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini siyo hilo."

Hakuelewa. Akamgeukia Neema amweleze. Mama Furaha aliyekuwa anavua gauni lake ndiye aliyemjibu, kwa Kiingereza chake cha Edmonton, kwamba yaya amefiwa na mdogo wake, leo amemkalia matanga, na sisi tumekaa naye, na yameanuliwa. Matanga ya mtu mmoja hayakaliwi mara mbili. Ukirudia unaita msiba mwingine.

Hana akauliza ningependa nini.

Nikasema kigoda.

Jumapili waliniwekea kigoda pembeni mwa jukwaa, mahali taa haichomi. Wenzangu wakasimama kama miti. Yule binti akaletwa, mwimbaji akavuta maneno yake, na mimi nikaimba yangu yote mpaka mwisho, nimekaa, macho makavu, kwa ajili ya mtoto wa watu ambaye chini ya lile shuka nilimwona anapumua.